Maswali ya Wasomaji: Akili Mnemba, Mikataba ya Dunia na Sisi wa Kusini

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache kwamba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limeunda jopo la wanasayansi 40 la kuchunguza akili mnemba. Barua zikaja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, hasa kutoka Mtwara na Lindi. Zinazofanana tumeziunganisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi. Kila mwaka nasikia viongozi wa dunia wamekutana kuhusu akili mnemba, wametoa tamko. Wanafunzi wananiuliza lina nguvu gani, na Tanzania imo? Nakosa jibu.

JIBU: Mwalimu, waambie wanafunzi waanze kwa kusoma neno lililoandikwa juu ya karatasi. Tamko, azimio, pendekezo, mkataba na sheria ni vitu vitano tofauti, ingawa kwenye taarifa ya habari vyote husomwa kwa sauti moja.

Tamko ni ahadi ya heshima. Novemba 2023, huko Bletchley Park, Uingereza, nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilikubali kwamba mifumo yenye uwezo mkubwa kabisa inaweza kuleta madhara makubwa, na kwamba hakuna nchi itakayoyamudu peke yake. Uzito wa karatasi ile ulikuwa kwamba Marekani na China ziliweka majina yao pamoja. Kutoka Afrika zilikuwamo Kenya, Nigeria na Rwanda. Tanzania haikuwamo. Mkutano ukahamia Seoul Mei 2024, kisha Paris Februari 2025, na huko Paris Marekani na Uingereza zikakataa kutia saini. Hakuna aliyeweza kuzishtaki, maana tamko halina hakimu.

Azimio la Baraza Kuu ni jingine. Lile la 21 Machi 2024 lilipita bila kupigiwa kura, kwa hiyo ni la nchi zote wanachama, yetu ikiwamo. Halimfungi mtu kisheria, lakini linakupa maneno ya kumkumbusha waziri: mlikubali haya. Pendekezo la UNESCO la Novemba 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba, lililopitishwa na nchi 193, nalo ni la jinsi hiyo, ila tunalipenda zaidi kwa darasa lako kwa sababu linaambatana na zana ya nchi kujipima yenyewe: sheria zake, wataalamu wake, intaneti yake, lugha zake. Wape wanafunzi kazi ya kuipima Masasi kwa vigezo hivyo.

Mkataba ndio unaofunga. Wa kwanza wa kimataifa kuhusu akili mnemba uliandaliwa na Baraza la Ulaya (si Umoja wa Ulaya, ni chombo kingine) na kufunguliwa kwa saini mjini Vilnius tarehe 5 Septemba 2024. Nchi zisizo za Ulaya zinaweza kujiunga. Una matundu mawili, na tunayataja kwa sababu wanaousifu huyaruka: mambo ya usalama wa taifa yamewekwa nje, na kuhusu kampuni binafsi kila nchi inachagua yenyewe namna ya kuzibana. Kwa maoni yetu tundu hilo la pili ni kubwa, maana mifumo inayotumika zaidi ni ya kampuni binafsi.

Hapo pana jambo linalowakwaza hata waandishi wa habari. Kutia saini si kuridhia. Saini inaonyesha nia tu. Kwetu, mkataba ambao kwa masharti yake unahitaji kuridhiwa lazima upite bungeni, kwa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Mkisikia nchi fulani imesaini, ulizeni mara ya pili: imeridhia?

Mwisho kuna sheria ya mwingine inayokufikia bila wewe kualikwa. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya ilianza kuwa na nguvu 1 Agosti 2024, na marufuku zake za kwanza zikashika 2 Februari 2025. Faini ya juu ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni duniani kote kwa mwaka, chochote kilicho kikubwa. Kampuni inayouza programu yake Ulaya na Masasi mara nyingi haitengenezi mbili, kwa hiyo hilo tishio la faini linakugusa nawe bila kuwa na kura.

SWALI: Mbona hakuna chombo kimoja cha dunia chenye meno, kama kile cha nishati ya atomiki? (Tandahimba)

JIBU: Wakala wa nishati ya atomiki ulianzishwa 1957, na kazi yake inawezekana kwa sababu urani hupimwa kwa mizani. Mkaguzi anafika, anahesabu, analinganisha na daftari.

Ninyi wa Tandahimba mnalijua hili kwa korosho. Mtu wa Mtwara akisema W320, mnunuzi wa Rotterdam anaelewa bila kuuliza: punje nzima nyeupe, kati ya 300 na 320 kwa ratili moja. Kipimo kikishakubalika, ugomvi unabaki kwenye bei. Akili mnemba haina W320 yake. Wataalamu wanakipima kile kinachohesabika, yaani hesabu ambazo mashine ilipiga wakati wa kufunzwa. Sheria ya Ulaya inadhania kwamba mfumo wa matumizi ya jumla una hatari ya kimfumo, yaani inayoweza kuenea kwa jamii nzima, ukivuka hesabu 10 kwa kipeo cha 25, yaani moja yenye sifuri 25 nyuma yake. Hicho ni sawa na kupima korosho kwa wingi wa maji yaliyonyeshewa mkorosho: kinakupa fununu tu. Mfumo mdogo uliofunzwa vizuri unaweza kuupita mkubwa, na ukishanakiliwa kwenye diski hakuna mzani wa mpakani utakaouona. Chombo chenye meno kitahitaji kwanza kipimo ambacho Washington, Beijing na Dodoma zitakisoma sawa. Taasisi za usalama wa akili mnemba za nchi kadhaa, Kenya ikiwa ya Afrika pekee zilipozindua mtandao wao Novemba 2024, ndizo zinazohangaika nacho.

SWALI: Nilipigiwa simu na sauti ya mwanangu aliye ughaibuni, akilia amekamatwa anahitaji hela. Sauti ni yake kabisa. Nikatuma. Kumbe si yeye. Polisi wananiambia mpigaji huenda yuko nje ya nchi. Sheria za dunia zinanisaidiaje? (Mama, Lindi Manispaa)

JIBU: Pole sana, mama yetu. Usijilaumu kwa kudanganyika. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha kwamba sekunde tatu za sauti zinatosha mashine kuiga msemaji. Ujumbe mmoja wa sauti kwenye kundi la familia una zaidi ya hizo.

Tuanze na ya haraka, kwa wengine ambao hayajawafika. Hela ikishatumwa, piga namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika ileile na uombe muamala uzuiwe. Mpokeaji akishatoa kwa wakala, kurudisha ni kazi kubwa. Namba iliyokupigia itume kwenda 15040, namba ya bure ya kuripoti matapeli. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, na uende na vitu vinne kwenye karatasi: namba iliyopiga, saa na tarehe, kumbukumbu ya muamala, na jina lililotokea ulipotuma. Usifute rekodi ya simu wala ujumbe, na hata ukipata simu nyingine usiiuze hii kabla kesi haijafika mahali. Nyumbani, kubalianeni neno moja la siri la familia, lisiloandikwa popote mtandaoni. Ukisikia kilio, kata simu, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua. Mwanao wa kweli hatakasirika.

Sasa kuhusu mpigaji aliye nje. Polisi wetu hawawezi kuiamuru kampuni ya nchi nyingine. Wanapitia ombi la kusaidiana katika makosa ya jinai, ambalo hupanda hadi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, likavuka kwa mwenzake wa nchi ile, likashuka kwa polisi wa huko, kisha kwa kampuni. Miezi inapita. Kumbukumbu za kompyuta hazingoji, kampuni hufuta kwa ratiba zake. Hapo ndipo kesi nyingi zinapofia, hata pale ambapo mwizi anajulikana kwa sura.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao, uliopitishwa 24 Desemba 2024 na kufunguliwa kwa saini Hanoi Oktoba 2025, umeandikwa kwa ajili ya tatizo hili. Kila nchi mwanachama itaweka ofisi inayopokea maombi saa 24 siku saba, na ombi la kwanza linakuwa dogo: msifute. Nyaraka kamili zinafuata baadaye. Utaanza kufanya kazi siku 90 baada ya nchi ya 40 kuuridhia. Watetezi wa haki za binadamu wameulalamikia kwamba serikali zinaweza kuutumia kuwafuatilia wakosoaji, na hofu hiyo tunaichukulia kwa uzito. Ila kwa jambo lako, mama, kifungu cha kuhifadhi ushahidi haraka ndicho tunachotamani kingekuwapo siku ile.

SWALI: Programu ya mikopo kwenye simu imeninyima, haisemi kwa nini. Nina mikorosho na nauza kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, kila msimu. (Newala)

JIBU: Angalia kwanza kama programu hiyo ina leseni ya Benki Kuu, maana Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Yenye leseni, waandikie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake. Tumia maandishi, taja tarehe ya kukataliwa, omba binadamu aupitie upya, na ambatisha malipo yako ya mnada ya msimu. Mashine nyingi za mikopo husoma mwenendo wa miamala ya simu mwezi kwa mwezi, na mkulima wa korosho anaonekana maskini kwa miezi mingi, tajiri kwa michache. Wasipojibu, peleka lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

SWALI: Babu zetu walibeba kichwani mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru hadi bandari ya Lindi, leo yuko Berlin. Sasa vijana wanapita vijijini wanarekodi watu wakizungumza Kimwera na Kiswahili, wanasema ni kwa ajili ya kompyuta. Je, si yaleyale?

JIBU: Swali lako limetukalisha kimya. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilishuka kutoka Tendaguru, na mjusi aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tofauti ni kwamba sauti ikichukuliwa, inabaki pia kwako. Kinachopotea ni uwezo wa kudai. Na huo hupotea siku ya kusaini fomu, kwa hiyo isomeni fomu.

Tafuta jina la leseni. Ikiwa imeandikwa CC0, maana yake mtu yeyote duniani anaweza kutumia, kuuza, kufunzia mashine, na hamna la kudai kamwe. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, uliokusanya saa nyingi za Kiswahili, unatumia hiyo, na umefanya mengi mema. Kwa lugha yenye wasemaji wengi sisi tunaona ni biashara nzuri. Kwa Kimwera, ambacho wasemaji wake ni wachache na rekodi zake zinahesabika, tungesita. Kuna leseni iliyotungwa na wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria na wenzao, NOODL, inayotofautisha: mtumiaji wa nchi zinazoendelea anatumia bure, wa nchi tajiri anatakiwa kurudisha faida kwa jamii. Waulizeni vijana hao kwa nini hawakuichagua.

Ulizeni pia kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), nakala ya rekodi itabaki wapi nchini, na jina la ofisi ya kupigia mtu akibadili mawazo. Ukishakubali, uwe na uwezo wa kujitoa kabla mashine haijafunzwa. Baada ya kufunzwa, kuitoa sauti moja ndani ya mfumo ni kama kutoa chumvi kwenye mchuzi. Kuhusu kuvusha taarifa binafsi nje ya nchi, sheria yetu ya 2022 ina sehemu nzima na inataka nchi inayopokea iwe na ulinzi wa kutosha. Sauti yenye jina la mtu na kijiji chake ni taarifa binafsi.

Mei 2024 nchi wanachama wa shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kutaja rasilimali za kijenetiki, kama mbegu, na maarifa ya jadi yanayohusiana nazo vimetoka wapi. Lugha na masimulizi hayamo. Tunaona ni pengo, na wa kulisema ni watu wenye lugha zenyewe.

SWALI: Wakulima wangu wanauliza programu za mazungumzo kuhusu mikorosho kwa Kiswahili. Wakati mwingine jibu ni zuri, wakati mwingine ni la ajabu. Kuna anayezipima kwa lugha yetu? (Afisa ugani, Nachingwea)

JIBU: Yupo, na hii ni sehemu ya ushirikiano wa kimataifa inayotupa moyo kuliko matamko yote. Mwaka 2025 ule mtandao wa taasisi za usalama ulifanya majaribio ya pamoja kwa lugha kumi, Kiswahili kikiwamo. Kwa jumla ulinzi wa mifumo kwa lugha nyingine ulikuwa nyuma kidogo ya Kiingereza, na mashine iliyopewa kazi ya kusahihisha majibu ilihitaji binadamu wa kuikagua. Si ajabu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba swali ambalo mfumo ungelikataa kwa Kiingereza lilijibiwa likitafsiriwa kwa lugha kama Kizulu.

Majaribio ya kimataifa hayatafika kwenye salfa na mikorosho. Hilo pimeni wenyewe. Chagua maswali kumi ambayo majibu yake unayajua bila shaka, kutoka kwenye miongozo ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Liulize kila moja kwa namna tatu, kila mara ukianza mazungumzo mapya, na uandike majibu. Yakitofautiana katika kipimo au muda, programu hiyo isitumike kwa kipimo wala muda.

Weka mitego inayotokana na Kiswahili chenyewe. Andika "mbu wa mikorosho": chombo kisichomjua mdudu huyo kinaweza kuanza kukueleza habari za malaria. Andika "ubwiriunga", ugonjwa wa mikorosho unaopulizwa salfa, ukatazame kama kinautaja ugonjwa wenyewe au kinabahatisha fangasi yoyote. Jaribu kukanusha: "dawa ambayo haijasajiliwa" na "dawa iliyosajiliwa" zinapaswa kuleta majibu mawili yanayopingana.

Mtego mkubwa kuliko yote ni saa. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Mkulima akiuliza kama saa kumi na moja ni muda mzuri, mfumo unaofikiri kwa Kiingereza unaweza kuisoma saa tano asubuhi, jua limeshapanda na upepo umeamka. Na ukiambiwa anza "saa sita", hujui ni mchana au ni kumi na mbili alfajiri. Umande umekauka, unga haushiki, mwingine unapeperuka kwa jirani. Mfuko umeisha na ugonjwa upo. Waambie waandike "alfajiri kabla jua halijachomoza", wasiandike namba peke yake. Na kipimo cha kiuatilifu kisichukuliwe kwenye simu hata siku moja. Kibandiko cha chupa ndicho chenye neno la mwisho.

Makosa unayoyapata yapige picha ya skrini, yenye tarehe na jina la programu. Yatahitajika kwenye jibu linalofuata.

SWALI: Nina diploma ya kompyuta, niko Mikindani. Kijana kama mimi anaingilia wapi haya mambo? (Mikindani)

JIBU: Azimio la Agosti 2025, lililounda jopo lile la wanasayansi, liliweka pia mazungumzo ya dunia kuhusu usimamizi wa akili mnemba: Geneva Julai 2026, New York 2027. Nauli ya huko ni kikwazo kwa wengi. Mlango uliopo karibu, na ambao watu wengi wanaupita bila kuuona, ni viwango.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo mwanachama wa ISO, shirika la viwango la kimataifa, kwa niaba yetu. ISO ndiyo iliyotoa Desemba 2023 kiwango namba 42001 cha namna taasisi inavyosimamia akili mnemba. Kiwango hakimlazimishi mtu kinapoandikwa. Baadaye zabuni inakitaja, sheria inakirejelea, na kinakuwa lazima. Waliokaa mezani wakati wa rasimu ndio walioamua.

Andikia TBS ukiuliza kamati ya kitaalamu inayoshughulikia teknolojia ya habari, na uombe rasimu zilizo wazi kwa maoni. Fomu ya maoni ina safu zake: namba ya kipengele, aina ya maoni, maelezo, na mabadiliko unayopendekeza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wanayoiacha wengi, na maoni yasiyo na maneno mbadala mara nyingi hupita bila kufanyiwa kazi. "Kiwango kizingatie Afrika" hakuna katibu wa kamati anayejua akiweke wapi.

Mwombe afisa ugani wa Nachingwea zile picha zake za skrini, kisha uandike hivi: kipengele cha majaribio ya lugha, aina, kitaalamu, maelezo, mifumo inakosea saa kwa tofauti ya saa sita katika lugha zinazohesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, tazama mifano iliyoambatishwa, mabadiliko, baada ya neno "lugha" ongeza "pamoja na namna lugha hiyo inavyotaja saa, vipimo na ukanushi".